Mwenye Kujitolea Naye Huchoka



Jumuiya zetu za ugenini husimama juu ya mabega ya watu wasiolipwa: mwenye kusomesha watoto siku ya Jumamosi, mwenye kupika shughuli inapokuwapo, mwenye kukimbilia msibani na kushughulikia karatasi za mazishi. Hatimaye huja siku mmoja wao haonekani tena, nasi husema, "Huyo hakuwa na nia." Yafaa tujiulize iwapo hukumu hiyo ni ya haki.

Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yaliposambaa humu Uingereza, serikali iliomba watu 250,000 wajitolee kuwasaidia wazee na wagonjwa waliojifungia majumbani. Kwa siku chache tu walijiandikisha watu wapatao 750,000, hata uandikishaji ukasimamishwa kwa muda. Nia, basi, haikukosekana. Lakini wengi walikaa wiki baada ya wiki wakiitazama simu, wasiletewe kazi yoyote, na moyo ukawapoa. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyekuja kulima akakosa jembe, hurudi kwake.

Watazameni, kwa upande wa pili, waokoaji wa baharini wa chama kiitwacho leo RNLI, kilichoasisiwa mwaka 1824. Wengi wao hawalipwi mshahara, nao huamshwa usiku wa manane kuikabili tufani. Lakini kila mmoja hufundishwa kazi yake, hupewa mavazi na vifaa, na huenda pamoja na wenzake.

Hapa petu aingiaye hupewa kazi mbili, na akizimudu huongezwa ya tatu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nauli huitoa mfukoni mwake, shukrani haisikii, bali lawama humfika kila wiki. Ni kweli kwamba thawabu yake iko kwa Mola. Lakini hiyo si ruhusa kwetu ya kumsahau.

Basi na tufanye haya: kila kazi iwe na watu wawili, muda wake ujulikane, mwaka mmoja kwa mfano, ili mtu apumzike bila ya kuona haya, na nauli na vitabu vilipiwe na mfuko wa jumuiya. Na yule aliyeondoka apigiwe simu, si kwa kulaumiwa, bali aulizwe kilichomchosha. Jawabu lake litatufaa zaidi kuliko mkutano mzima wa kuwatafuta wapya.