Uchungu wa Pombe Yetu Utoke Wapi?

Mpika pombe wa Babati ana adui mmoja asiyeonekana, nao ni muda. Pombe ya mtama au ya mahindi iliyoiva Jumamosi asubuhi hunyweka vizuri siku hiyo. Kesho yake huanza kuzidi uchachu, na keshokutwa humwagwa. Pamoja nayo humwagwa nafaka, kuni, kazi ya siku kadhaa, na pengine karo ya mtoto. Je, sayansi yaweza kumwongezea mama huyo japo siku mbili?

Bia ya viwandani hudumu kwa sababu kadhaa, na mojawapo ni hopsi, yaani maua ya mmea utambaao uitwao Humulus lupulus. Maua hayo yana utomvu wenye asidi chungu. Zichemshwapo kwa muda wa saa moja hivi, asidi hizo hubadilika umbo, huyeyuka vizuri zaidi, na huwazuia bakteria wa asidi ya maziwa, ambao ndio waongezao uchachu.

Wapo watakaosema tuupande mmea huo hapa. Mimi sidhani. Hopsi hutaka siku ndefu za kiangazi cha nchi zilizo mbali na ikweta. Babati ipo kiasi cha nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku iliyo ndefu kupita zote na iliyo fupi kupita zote katika mwaka ni karibu nusu saa tu. Hata huko George, Afrika Kusini, kwenye nyuzi 34, wataalamu walilazimika kuzalisha aina zinazovumilia siku fupi. Mojawapo ni Southern Promise, hopsi ya kutia uchungu isiyojulikana sana nje ya nchi hiyo.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani na pakiti ndogo ya aina hiyo, nikamwomba shangazi yangu mtungi mmoja wa lita 20. Nilichemsha gramu 20 na kuzitia katika uji tangu mwanzo, kama nilivyojifunza ng'ambo. Lilikuwa kosa langu. Uji haukuchachuka kama ipasavyo. Shangazi alionja, akaweka kibuyu chini. "Mwanangu," akasema, "hii ni dawa au pombe?"

Swali lake lilikuwa la kisayansi kuliko jaribio langu. Bia ya Ulaya huwakimbia bakteria wa asidi ya maziwa. Pombe yetu huwahitaji. Uchachu wao ndio ladha yake, na ndio ngao yake dhidi ya vijidudu viletavyo maradhi. Mimi niliwaua walinzi kabla hawajashika lindo.

Mara ya pili tuliacha uji uchachuke kwanza. Hopsi tukazichemsha kando katika maji matupu, tukayachuja na kuyatia baadaye, pamoja na kimea cha mwisho. Mtungi huo ulinyweka hadi siku ya tatu, hali mwenzake usio na hopsi ulikuwa umekwisha haribika. Mitungi miwili si uthibitisho, wala hopsi haziwazuii bakteria wa siki. Dhidi ya hao dawa ni kufunika chombo hewa isiingie. Hata hivyo jambo moja lilidhihirika: wakati wa kutia uchungu una uzito sawa na uchungu wenyewe.

Sasa, uchungu huo utoke wapi? Hopsi za pakiti ni za kuagiza, na bei yake haimfai mwuza pombe wa mtaani. Wachaga hutumia magamba ya msesewe katika mbege. Lakini msesewe ni wa jenasi ya Rauvolfia, ile ile iliyotoa reserpini, dawa ya kushusha shinikizo la damu iliyotengwa mwaka 1952. Kitu cha namna hiyo hakifai kukadiriwa kwa kiganja cha mkono. Tena mti uliobanduliwa magamba kuuzunguka hufa. Waethiopia, kwa upande wao, hutia uchungu katika tela na teji kwa majani na vijiti vya gesho, yaani Rhamnus prinoides. Kichaka hicho huota pia katika nyanda zetu za juu, na majani huchumwa yakachipua tena.

Maoni yangu ni haya. Kabla ya kutazama hopsi za ng'ambo, maabara zetu zipime gesho na msesewe: ni kiasi gani kinachozuia uchachu, na ni kiasi gani kinachomdhuru mnywaji. Kazi hiyo ifanywe pamoja na wapika pombe wenyewe, maana wao wanajua uji umefikia wapi kwa kuunusa tu. Mimi nilikwenda ng'ambo miaka kadhaa kusomea vijidudu, na bado nilihitaji kusahihishwa na shangazi kando ya mtungi.