Tukamwone tembo akiwa kwake

Leo mbolea naiweka pembeni kidogo.

Serengeti ni jirani yetu, hifadhi ya taifa tangu 1951. Lakini watoto wengi wa Buhemba tembo wanamjua kwa habari moja tu: kaingia mashambani Kunzugu, kamaliza mahindi. Aliyekesha akipiga madebe simlaumu akimchukia.

Ila hifadhi tumewaachia wageni, na hapo nadhani tunakosea. Lango la Ndabaka liko barabarani kabisa, ukitoka Bunda kwenda Lamadi. Mwezi wa 5 na wa 6 nyumbu kwa kawaida wako ukanda huu wa magharibi, upande wa mto Grumeti. Changeni familia mbili tatu, mkodi gari moja. Bebeni vitambulisho vya taifa, kiingilio cha raia ni nafuu mno kuliko cha mgeni.

Mwanangu alimwona tembo mchana, ametulia na ndama wake. Njiani akauliza: sasa tunamzuiaje bila kumuumiza? Nikamweleza vitambaa vya pilipili na oili chafu, nikamweleza na uzio wa nyuki. Wiki iliyofuata tulikuwa shambani kwa shemeji yangu Kunzugu na futi mkononi, tunapima mpaka, mzinga kila mita 10.