Mbwa Mweusi Si Mweusi Ti

Kiswahili kina vivumishi asilia vitatu tu vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tumezipa majina ya vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa. Vile vitatu vina vielezi viigizi vyake: -eupe pe, -eusi ti, -ekundu pyu. Nimevifundisha miaka mingi, nisijue kwamba siku moja vingenisaidia kumtazama mbwa.

Mbwa wangu alikuwa wa rangi ya udongo, ambaye wazee wangemwita mwekundu bila kusita. (Najua wapo watakaoguna: mtu mzima anaomboleza mbwa! Na wagune.) Alipokufa, nilipeleka studio picha yake moja, amelala nyasini, nikaomba igeuzwe nyeusi na nyeupe niitundike ukutani. Kijana akasema, "Mwalimu, hiyo ni kuondoa rangi tu," akabonyeza kitufe kimoja. Nikapewa macho mawili, pua na ukanda wa shingoni, vyote vikielea katika shamba la majivu.

Kosa limo katika kitenzi alichokitumia. Rangi haiondolewi, inafasiriwa kuwa mwanga, na mfasiri ana wajibu wa kuchagua. Kanuni moja iliyozoeleka katika kompyuta huchukua asilimia 30 ya wekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu, ikajumlisha. Chukua manyoya yenye wekundu 150, kijani 90 na buluu 50, katika kipimo kinachoishia 255: utapata 104. Chukua nyasi zenye 80, 120 na 50: utapata 100. Jicho lililoona rangi mbili zilizo mbali kabisa sasa linaona kijivu kimoja. Mafundi wa zama za filamu waliliepuka hilo kwa kuweka kioo cha rangi mbele ya lenzi, kwani kioo chekundu hung'arisha vyekundu na kutia giza kijani na buluu. Programu za leo zinatuwezesha kufanya vivyo hivyo baada ya kupiga picha, kwa kupandisha au kushusha mwanga wa kila rangi peke yake.

Mbwa mweusi ana shida yake. Kipimamwanga cha kamera hudhani kwamba kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Mbwa mweusi akiijaza picha, kamera huongeza mwanga hata akaonekana kama aliyegaagaa jivuni. Akiijaza mweupe, huupunguza hata akaonekana mchafu. Mpiga picha hana budi kuikanusha: apunguze kwa mweusi, aongeze kwa mweupe. Ila akizidisha, yule wa kwanza anakuwa mweusi ti, doa lenye umbo la mbwa, na wa pili mweupe pe, tundu katika karatasi. Hakuna mbwa aliye ti. Mweke karibu na dirisha, nuru imjie kwa ubavuni, utaona mng'ao mgongoni, utusitusi chini ya taya, na weusi wa kweli puani tu.

Elliott Erwitt, aliyefariki mwaka 2023, alijulikana sana kwa picha nyeusi na nyeupe za mbwa. Katika ile ya New York ya mwaka 1974 kuna miguu mirefu ya jibwa, buti za mwanamke, na kijibwa kilichovishwa kofia. Hakuna rangi hata moja, na bado huwezi kudhani ngozi ya buti ni ngozi ya mnyama.

Picha yangu ya rangi ilikuwa ingali kwenye simu. Jioni moja niliketi na mjukuu wangu, tukashusha kijani, tukapandisha nyekundu na rangi ya chungwa kidogo kidogo. Nyasi zikaingia gizani, mbwa akainuka kutoka humo. Kwenye sikio la kushoto likatokea kovu ambalo nilikuwa nimelisahau.