CHAKULA CHA MSAFIRI NI AMANA YETU SOTE

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake.

Tangu mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012 na Bariadi kufanywa makao yake makuu, mji huu hupokea wageni wengi wa kikazi: watumishi wa serikali wajao kwa semina na ukaguzi, mafundi, madereva, na wanunuzi wa pamba wafikao msimu unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi wa Mei. Miongoni mwao wamo ndugu zetu Waislamu, ambao hulala gesti kwa majuma kadhaa. Hawa wanakula nini?

Wapo wanaoshinda kwa chai ya rangi na maandazi ili posho ibaki nzima ipelekwe nyumbani. Wapo ambao kila usiku chakula chao ni chipsi mayai na soda, kwa kuwa ndicho kinachouzwa mlangoni pa gesti. Na wapo wanaosema kuwa safari ni dharura, wakala popote, hata pale ambapo karai moja la mafuta hukaanga viazi na kitimoto.

Kwa hawa wa mwisho, jawabu ni fupi. Dharura inayohalalisha haramu ni ya mtu anayechelea kuangamia kwa njaa. Uvivu wa kutembea hadi sokoni si dharura.

Ama hao wawili wa mwanzo, tunawakumbusha kuwa katika Suratul Baqara, aya ya 168, Allah (s.w.) hakuamrisha halali peke yake, bali ameamrisha kilicho halali na kilicho kizuri kwa pamoja. Anayekula halali inayomdhuru, naye ana kisukari au shinikizo la damu, ameshika nusu ya amri na kuiacha nusu. Na anayejinyima akaanguka kazini ameipunja familia ile ile aliyoikusudia wema, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwili nao una haki juu ya mwenyewe.

Tena Simiyu si nchi ya njaa kwa mwenye fedha ya posho. Ni ardhi ya dengu, choroko, kunde, karanga na mtama. Sato na dagaa hutoka Ziwa Victoria upande wa Busega. Yapo maziwa ya mgando, upo mlenda, yapo mapapai. Hata michembe na matobolwa, ambavyo wageni huvidharau, ni chakula safi kisichohitaji mafuta, na msafiri aweza kukiweka katika mkoba wake. Sahani ya ugali wa mtama, choroko na mboga za majani kwa mama lishe hushibisha kuliko chipsi, na aghalabu kwa bei nafuu zaidi.

Kuhusu nyama, tusivuke mpaka wa sharia wala mpaka wa adabu. Masahaba walipomuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya nyama waliyoletewa na watu wapya katika Uislamu, wasijue kama ilisomewa jina la Allah, aliwaambia wataje wao jina la Allah na wale. Hakuwatuma kwenda kuwasaili wachinjaji. Basi msafiri mwenye shaka aulize kwa upole, na asiporidhika aagize samaki au maharage, na ashukuru. Tusisahau kuwa mwezi wa Februari mwaka 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mzozo juu ya uchinjaji ulifikia kumwaga damu na kuutoa uhai wa mtu. Mezani si mahali pa kuanzisha ugomvi na jirani.

Lakini lawama isimwelemee msafiri peke yake. Mgeni huswali nasi Maghribi na Isha, tukampa mkono, kisha tukamwacha arudi gesti peke yake. Je, Mtume (s.a.w.) hakutufundisha kuwa mgeni hukirimiwa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka?

Huenda ikasemwa kuwa misikiti yetu ni maskini. Hatuombi fedha. Tunaomba kila msikiti wa Bariadi, Maswa, Mwanhuzi, Lagangabilili, Nyashimo na Lamadi uteue mtu mmoja wa kuwajua wageni, na ubandike ukutani majina ya mama lishe wanaopika halali, kwa usafi na bila kuzidisha mafuta. Mgeni apate mwongozo na mpishi apate riziki. Na yule ambaye chungu chake kinatosha amwambie mgeni mmoja baada ya swala: "Karibu nyumbani, ndugu yangu, tule tulichojaaliwa."

Ikiwa mtu aweza kukaa mwezi mzima kati yetu bila kuonja chakula cha nyumba ya Muislamu, basi udugu tunaouhubiri juu ya mimbari umeishia mlangoni pa msikiti.

Wabillahi tawfiq.