Tumehesabiwa, Sasa Tujihesabu



Mkoa wetu umehesabiwa sana. Kuanzia mwaka 1991 hadi 1994 watafiti wa Benki ya Dunia na Muhimbili walizitembelea kaya zaidi ya 900 za Kagera, wakauliza nani amefariki, nani amebaki yatima, na kahawa imeleta shilingi ngapi. Mwaka 2004 walirudi kuwatafuta watu wale wale, hata waliohamia Uganda, na mwaka 2010 wakarudi tena. Kazi hiyo ilifanywa kwa uangalifu, nayo imesomwa na wachumi wa nchi nyingi. Hata hivyo, haikukusudiwa kumpa mama aliyejibu maswali hayo karatasi ya kwenda nayo katika mkutano wa kijiji chake.

Karatasi hiyo ndiyo tunayoidai. Kwa sheria, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mama akisimama pale na kusema maji yako mbali, hujibiwa kwamba amesikika, kisha ajenda inaendelea. Lakini akifungua daftari lenye kaya zote za kitongoji, na dakika ambazo kila kaya hutumia kwenda kisimani na kurudi, masika na kiangazi, jibu hilo halitoshi tena.

Tutazame ardhi, maana hapo ndipo penye maumivu zaidi. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza. Mpwa wake alimshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, kwa hoja kwamba mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke anayo haki hiyo sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikakataa mila inayomnyima mwanamke ardhi. Je, katika kijiji chako ni wajane wangapi wanaoishi kwenye kibanja chenye hati iliyoandikwa majina yao? Sensa ya mwaka 2022 ilipata watu 2,989,299 katika mkoa wetu, lakini jumla hiyo haijibu swali la kitongoji kimoja.

Vijana nao wana hesabu yao. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Vijana wa mialo, wakiwamo wa visiwa vya Goziba na Bumbire, waandike ni vikundi vingapi viliomba, vingapi vilipata, na vingapi vilikata tamaa kwa nauli ya boti ya kufuata mihuri. Sisi tunaona nauli hiyo ni jambo la sera, si bahati mbaya ya mtu.

Wako wanaoogopa kwamba takwimu ni za Serikali peke yake. Hofu hiyo ilikuwa na sababu mwaka 2018, Sheria ya Takwimu ilipokazwa. Mwaka 2019 Bunge liliirekebisha, na haki ya kila mtu kukusanya na kutoa takwimu ikatambuliwa.

Mambo mawili yaangaliwe. Idadi isomwe hadharani, majina yasisomwe kamwe. Mjane aliyetaja mgogoro wake na shemeji zake hakuomba utangazwe. Na yule aliyepita nyumba kwa nyumba ndiye asimame kusoma. Tumezoea mno kumwona mwanamke akiandika na mwanamume akizungumza.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango ya vijiji hupandishwa kwenye kata na halmashauri miezi mingi kabla. Daftari likikamilika mwezi wa Mei, limechelewa mwaka mzima.