Gitaa Jipya Lisilaumiwe Upesi
Kijana aliyenunua gitaa la umeme, akakuta nyuzi zinapatana zikiwa wazi lakini sauti zinaharibika vidole vikipanda shingoni, asikate tamaa. Aanze na nyuzi: zilizokaa sana dukani huchakaa, na mpya hulegea mpaka zivutwe kwa mkono na kukazwa tena. Kisha apime freti ya 12, iliyo katikati ya urefu wa uzi, ambako sauti lazima iwe oktavu moja kamili juu ya uzi ulio wazi. Ikizidi, kitako cha uzi huo kwenye daraja kirudishwe nyuma kwa bisibisi. Ikipungua, kisogezwe kuelekea shingoni. Uzi unaonata kwenye mfereji wake karibu na kichwa hulainishwa kwa unga wa penseli. Kazi hii ina uzito kwetu, kwa sababu katika dansi, muziki wa wapiga gitaa wa Tanzania kama Mbaraka Mwinshehe, gitaa la solo hupanda sana na kasoro ndogo husikika. Wauzaji walirekebishe gitaa kabla ya kulikabidhi, mwanafunzi asije akaacha muziki akidhani kosa ni la masikio yake.