Mchoro kwanza, bei baadaye

Wanachuo wenzangu, likizo hii nilikuwa napokea wateja kwenye karakana ya mjomba, wanakokereza vipuri. Kila siku simu inaita: picha ya shafti, halafu "Bei gani, bosi?" Hakuna kipimo, aina ya chuma wala idadi.

Siku moja nikataja bei kwa picha tu. Mteja, mwanachuo kama sisi, akasema "milimita 25", basi. Fundi akakereza kwa makadirio, ikapungua robo milimita. Kumbe inavaa beringi 6205, ambayo tundu lake ni milimita 25 kamili! Beringi ikacheza. Yeye akachelewesha mradi wake wa mwaka wa mwisho, mjomba akala hasara.

Kosa lilikuwa langu pia, sikuuliza.

Wapo wanaosema kudai mchoro ni kufukuza wateja. Sikubali. Karatasi ya daftari inatosha: vipimo vyote, aina ya chuma, idadi, na sehemu ipi isipungue hata kidogo. Asiyejua kuchora, mkae mchore pamoja.

Nasomea ualimu, na hili nalijua: swali bovu halina jibu sahihi. Bei nayo ni jibu.